Vumbi la kucha saa nane mchana

Mwezi wa pili, saa nane mchana, kwenye mojawapo ya barabara za namba pale Ngamiani, Tanga. Kimeza kidogo, taa ya mrija juu yake, feni ya kusimama pembeni. Mteja ameweka mkono juu ya taulo lililokunjwa. Fundi wa kucha za bandia anachovya brashi kwenye maji ya akriliki, anaigusisha kwenye poda, kinatoka kitonge. Anakiweka ukuchani, anakisukuma mara mbili, kinakataa. Kimeshashika. Anaongeza cha pili kuficha cha kwanza, nacho kinabaki vilevile kilivyotua, kama bonge la ugali uliopoa.

Poda kupanda kwenye ukucha ule: dakika moja na nusu.

Tupa kuusawazisha: dakika 11.

Vumbi jeupe limekaa kwenye dera la mteja, kwenye nyusi za fundi, na juu ya kikombe cha chai ya tangawizi ambacho hakuna atakayekinywa tena.

“Fundi, kinaunguza.”

“Pole dada, namalizia.”

Wiki kadhaa sasa hesabu hiyo inanikera. Dakika moja na nusu ya kujenga, dakika 11 za kubomoa ulichojenga. Na ukipita kwenye vimeza vya kucha mjini Tanga mchana wa Kaskazi, hesabu karibu ni hiyohiyo kila mahali. Kuna kitu kinaachiwa tupa ambacho si kazi ya tupa.

Lawama ya kwanza: poda

Ukiuliza, jibu la haraka ni poda mbaya. Na kweli zipo. Poda nzuri ni laini kama unga wa mchele uliopita kwenye chekecheke; ukiisugua katikati ya vidole huhisi punje. Poda iliyoachwa wazi kwenye meza hukusanya vumbi la tupa, nyuzi za taulo na matone ya maji yake yenyewe kutoka kwenye brashi, ikafanya vijibonge vidogo usivyoviona mpaka viko ukuchani. Poda nyeupe ya ncha huwa na rangi nyingi ya titani ndani yake, na mafundi wengi wataona inahitaji mkono tofauti kidogo na ile ya waridi au isiyo na rangi.

Lakini lawama hii ina kasoro. Kopo lilelile, fundi yuleyule, saa mbili asubuhi linatandika vizuri. Saa nane linakataa.

Poda haikubadilika kati ya chai na chakula cha mchana.

Lawama ya pili: joto

Hapa tunakaribia. Kwenye poda, pamoja na chembe za plastiki, kuna benzoili peroksaidi, kichochezi kilicholala. Maji ya akriliki, ambayo wengi huyaita likwidi tu, ni ethili methakrileti, na ndani yake kuna kiasi kidogo cha kemikali ya kumwamsha yule aliyelala. Vikikutana, molekuli za maji huanza kushikana minyororo, na kitonge kinatoka kwenye uji kwenda kwenye ubani, kisha kwenye kitu kigumu. Hakihitaji taa. Ndiyo maana akriliki ina wapenzi wake kwetu: umeme ukikatika katikati ya kazi, jeli, ambayo hukaushwa kwa taa, inangoja, akriliki inaendelea kukauka kana kwamba haikusikia.

Mshikano huo hukimbizwa na joto. Mafunzo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa chumba cha nyuzi 21 hadi 24. Mchana wa Februari huku hupita nyuzi 30, na meza iliyo karibu na mlango unaotazama jua huwa na joto zaidi ya hapo. Muda wa kuchezea kitonge unapungua. Fundi aliyejifunza kwa video za watu walio kwenye viyoyozi anahesabu sekunde ambazo hana.

Chini ya nyuzi 18 hivi kuna tatizo la upande wa pili: poda inachelewa, na wakati mwingine ukucha unaota kama chumvi ya barafu juu yake. Tanga hutalijua. Labda aliyehamia Lushoto.

Basi joto ndilo lenye kosa? Nilidhani hivyo kwa muda, na ningeishia hapo kama si dawa ambayo kila mtu hulitibia joto.

Maji mengi si dawa

Dawa yenyewe ni kuongeza maji. Kitonge kinashika haraka, kwa hiyo kifanye chepesi, kitiririke, kijisawazishe chenyewe. Inaonekana ni akili ya kawaida, na kwa sekunde kumi za mwanzo inafanya kazi: kitonge kinayeyuka, kinang'aa, ukucha unakuwa kama kioo.

Halafu kinakimbia. Kinaingia kwenye mifereji ya pembeni, kinapanda kwenye ngozi ya mzizi. Kikishika hapo, kimeshika na ngozi, na ngozi inasogea wakati ukucha hausogei. Siku ya tatu au ya nne ukingo unainuka kidogo, unaanza kunasa nywele na uzi wa mtandio. Maji ya kuoshea vyombo yanaingia chini yake.

Kuna hasara mbili nyingine ambazo hazionekani mezani. Akriliki yote husinyaa kidogo inapokauka. Maji yakizidi, kusinyaa kunazidi, na ukucha unavutwa. Wateja huita hiyo “kubana”, na huambiwa watazoea. Ya pili ni nzito zaidi. Maji yasiyopata poda ya kutosha hayashikani yote. Mabaki yanayogusa ngozi mara kwa mara ndiyo huleta mzio: kuwashwa, vipele pembeni ya kucha, ngozi kupasuka. Mwili ukishaikataa kemikali hiyo, kwa kawaida haubadilishi mawazo. Na akriliki si ya kucha peke yake. Jamii hiyohiyo ya kemikali hutengenezea meno ya bandia na saruji ya mifupa hospitalini, kwa hiyo mzio ulioanzia kwenye kucha za harusi unaweza kumkuta mtu kwenye kiti cha daktari miaka mingi baadaye.

Wala si ajabu. Kucha hizi zilitoka huko huko menoni: husimuliwa kuwa Fred Slack, daktari wa meno wa Marekani, alivunjika ukucha kazini mwaka 1954 akauziba kwa akriliki ya meno.

Hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka. Joto linampunguzia fundi muda. Maji hayamrudishii; yanamkopesha, na anayelipa ni mteja.

Kinachorudisha muda ni udogo.

Kitonge, kwa karibu

Kitonge kikubwa kina kingo nyingi za kuzifukuzia. Ukiwa unasawazisha upande wa kulia, wa kushoto umeshashika. Kitonge kidogo unakimaliza chote kikiwa bado laini. Kwa mwezi wa pili, badala ya vitonge viwili vikubwa, weka vitatu, na kwa ukucha mrefu vinne. Cha ncha kiwe kama choroko. Cha katikati, pale ukucha unapoachana na nyama ya kidole, kikubwa kidogo kuliko hicho, kwa sababu ndipo mgongo wa ukucha unapobeba uzito. Cha mzizini kisizidi punje ya mchele.

Kipimo cha unyevu kinabaki palepale, joto au baridi: karibu sehemu moja na nusu ya maji kwa sehemu moja ya poda. Hakuna anayepima kwa kijiko, brashi ndiyo inapima.

Zamisha brashi yote kwenye kikombe kidogo cha kioo, ibonyeze chini mapovu ya hewa yatoke. Hewa iliyobaki tumboni mwa brashi ndiyo vitundu utakavyoviona baadaye ukiwa unapiga msasa. Kisha ifute kwenye ukingo wa kikombe, upande mmoja, halafu wa pili. Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Ukifuta upande mmoja tu, unapata supu. Ukifuta mara nne, unapata mchanga. Kwa kitonge kidogo futa pande zote mbili, na kwa kile cha mzizini ongeza mguso mmoja mwepesi kwenye taulo la karatasi lisilotoa nyuzi. Karatasi ya chooni inatoa nyuzi. Iache chooni.

Gusa poda kwa ncha tu, vuta mstari mfupi wa kama sentimita moja, inua. Usikoroge. Sasa subiri.

Subiri sekunde mbili, tatu.

Kitu hiki ndicho fundi mwenye haraka hakifanyi. Poda inahitaji kunywa. Kitonge kikitoka kwenye kopo huwa na sura ya unga, kavu kwa juu. Kisha mng'ao unapanda kutoka ndani mpaka kinang'aa chote kama jicho la samaki mbichi. Kikifika hapo, kimeiva. Kikidondoka kutoka kwenye brashi kabla ya hapo, maji yamezidi. Kisipong'aa kabisa, maji hayakutosha, na usijaribu kukiokoa kikiwa ukuchani: kifute kwenye karatasi, anza kingine. Kitonge kibaya kinakugharimu poda kidogo sana. Kukisaga kunakugharimu dakika 11.

Kikiwa ukuchani, kiache kitulie sekunde nyingine. Kitonge sahihi hushuka polepole, kinapoteza nusu ya kimo chake, bila kukimbia. Ndipo unakibonyeza, hupaki. Tumia tumbo la brashi, lala nalo, bonyeza katikati kwenda kushoto, katikati kwenda kulia, kisha vuta kuelekea nchani kwa mkono mwepesi. Wanaopaka kama wanaopaka rangi huacha mistari, kwa sababu ncha ya brashi huchora mfereji kila inapopita. Brashi ikianza kunata, acha. Umechelewa, na kila mguso wa kuanzia hapo ni shimo.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote huja sekunde hiyo: kuchovya brashi kwenye maji na kupitisha juu ya kitonge kinachogoma. Kwa macho kinalainika. Umemwaga tu maji mabichi juu ya kitu kilichokwisha kushika. Juu panakuwa laini na dhaifu, chini pagumu, na mkwaruzo wa kwanza utaonyesha tabaka.

Kitonge cha pili kiwekwe kabla cha kwanza hakijakauka kabisa, kikipanda kidogo juu ya mpaka wake, na mpaka ubonyezwe mpaka upotee. Kingo za vitonge ndizo mabonde na vilima ambavyo tupa inaitwa kuja kuvisawazisha. Cha tatu kianzie karibu milimita moja kutoka kwenye ngozi ya mzizi. Kisukume kuelekea ngozini kwa ncha ya brashi, lakini usikifikishe, kisha kivute chote kurudi katikati. Pale mzizini pawe pembamba sana, kiasi cha kidole kupita pasipo kuhisi ngazi.

Feni

Ihamishwe. Si izimwe, maana hakuna anayefanya kazi Ngamiani mchana wa Kaskazi bila upepo, ila isielekezwe mezani. Upepo unapopita juu ya kitonge unabeba maji yake. Juu panafanya ngozi kavu wakati ndani bado uji, na ukibonyeza ile ngozi inakunjamana. Pia unarusha vumbi la ukucha wa jana kwenye ukucha wa leo. Iweke nyuma ya fundi, ipulize miguu, harufu itoke mlangoni.

Kikombe cha maji kiwe na kifuniko, na mimina kidogo kidogo. Chupa kubwa ikae kivulini, sehemu ya baridi kuliko zote, mbali na jua la dirishani. Na ukinunua poda, uliza kama ni ya kushika haraka au taratibu, kwa sababu hutengenezwa za aina zote mbili. Ya haraka ni ya chumba chenye kiyoyozi na mkono mzoefu. Wengi hapa wanainunua kwa sababu jina lake linavutia, kisha wanapambana nayo mwaka mzima.

Jasho

Maandalizi wengi wanayajua: sukuma ngozi ya mzizi, ondoa ile iliyoganda juu ya ukucha, toa mng'ao kwa tupa ya namba 180 bila kuchimba, futa vumbi, dawa ya kukausha, kisha praima (dawa ya kuishikisha akriliki) kidogo mno, nukta moja isiyogusa ngozi.

Sisi wa pwani tuna la kuongeza. Ukucha unarudisha unyevu wake kwa dakika chache, na mkono unaotoka jasho unarudisha haraka zaidi. Ukiandaa vidole kumi kisha ukaanza kuweka poda, cha kumi kimeshalowa. Andaa mkono mmoja, weka poda, ndipo uhamie wa pili. Mteja akishika simu au akijifuta uso katikati, rudia dawa ya kukausha kwenye vidole hivyo. Akriliki inayobanduka nzima kama ganda la korosho mara nyingi haikukosa poda nzuri, ilikosa hili.

Kilichobaki ni cha tupa

Tupa ina kazi yake, na si ndogo: umbo. Lakini isiguse kitu mpaka ukigonga ukucha kwa mpini wa brashi usikie mlio mkavu, *tik*, kama kugonga kikombe. Mlio mzito maana yake bado. Mwezi wa pili huchukua dakika tatu nne. Asubuhi za Kusi, Julai, upe muda zaidi. Ukipiga tupa mapema akriliki inavutika na kukamata, na unabaki na mikwaruzo ambayo utaifuta kwa kupunguza unene wote.

Namba ya tupa ikiwa ndogo, makali ni makubwa. Ya 100 kwa ncha na pembeni tu. Ya 180 juu. Ya 240, kisha bafa ya kung'arishia. Anza na pembeni, ncha, halafu mgongo, na mkono usikae sehemu moja, kwa sababu kukaa ndiko kunakounguza. Ncha ibaki na unene wa kadi ya benki. Mgongo uwe mnene zaidi ya hapo, mzizi uwe mwembamba kuliko vyote. Mashine ya kusagia ikitumika, isiende mzizini kwa mwendo mkali: pete nyekundu inayoonekana kwenye ukucha wa asili baada ya wiki tatu ni njia ambayo mashine ilipita.

Kupima usawa, zima macho ya kuangalia kutoka juu. Kutoka juu kila ukucha ni mzuri. Geuza kidole chini ya taa ya mrija mpaka mstari wa mwanga uonekane juu ya ukucha, kutoka mzizi hadi ncha. Mstari ukinyooka, kazi imenyooka. Ukipinda au ukikatika, hapo ndipo pana bonde, na ni hapo tu pa kugusa.

Siku saba

Kuna jambo la hapa kwetu linalofanya dakika 11 ziwe na uzito kuliko mahali pengine. Wateja wengi wa Tanga hawavai akriliki ili waijazie baada ya wiki mbili tatu, jinsi ukucha unavyokua, kama milimita tatu kwa mwezi. Wanavaa kwa siku zao, au kwa harusi, kisha wanaitoa, kwa sababu maji ya udhu hayafiki ukuchani ikiwa juu. Swali la kwanza mezani si rangi. Ni “nitazitoa lini, na zinatokaje?”

Maana yake ukucha uleule wa asili unaandaliwa, unabandikwa na kubanduliwa mara nyingi kwa mwaka. Unene wake ni kama nusu milimita. Kila utoaji wa pupa unachukua sehemu, na tupa iliyozoea kusaga vilima haijui kusimama inapofika kwenye ukucha wenyewe. Baadaye mteja anasema kucha zake “zimekuwa karatasi”, na akriliki inalaumiwa.

Kutoa ni asetoni, pamba, karatasi ya aluminiamu, baada ya kupunguza unene wa juu kwa tupa. Dakika 20 hivi, kisha kinachosukumika kisukumwe, kisichosukumika kirudi kwenye asetoni. Akriliki iliyowekwa nyembamba na sawa inatoka upesi. Ile ya mabonge inakaa.

Ikikaa dakika 40 na haijalainika kabisa, shuku maji yaliyotumika. Methili methakrileti, ndugu wa bei rahisi wa ile ethili, hukauka ngumu mno, haiyeyuki kirahisi, na harufu yake inachoma. Marekani mamlaka ya dawa na chakula ilianza kuichukulia hatua kwenye bidhaa za kucha mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya malalamiko ya majeraha na mizio. Ukucha wake ukibamizwa mlangoni hauvunjiki. Unang'oka na wa chini. Chupa isiyo na maandishi yoyote, ya bei ya kushangaza, na harufu iliyozidi: usiinunue, hata kama inatandika vizuri. Na inatandika vizuri, hilo ndilo tatizo.

Brashi, jioni

Brashi ya manyoya ya kolinski (mnyama wa jamii ya kicheche), namba 8 au 10, inadumu mwaka na zaidi ikitunzwa, na wiki tatu isipotunzwa. Isafishwe kwa maji yaleyale ya akriliki. Asetoni inakausha manyoya, na brashi iliyotawanyika manyoya haipimi tena: upande mmoja unabeba maji zaidi, na vitonge vinatoka vimepinda bila fundi kujua kwa nini. Inyooshe ncha kwa karatasi, si kwa vidole. Ilaze, usiisimamishe, maji yasishuke kwenye gundi ya shingo.

Maji yaliyobaki kikombeni hayarudi kwenye chupa. Yana poda tayari, yameanza safari. Yafyonzwe kwenye karatasi, karatasi ifungwe kwenye mfuko, mfuko utolewe nje kabla ya kufunga duka, kikombe kifutwe kikiwa bado kibichi.